Jina la Grogan Tunalo, la Muthoni Je?



Vijana wenzangu, nianze na swali. Gari likiharibika hapa Nairobi, fundi akakwambia ukatafute spea, anakutuma wapi? Grogan, si ndio? Barabara ile ilibadilishwa jina zamani ikawa Kirinyaga, lakini midomo yetu bado inasema Grogan.

Sasa huyu Grogan ni nani? Ewart Grogan alikuwa setla. Machi 1907, yeye na wenzake waliwachukua Waafrika watatu, wavutaji riksho, wakawacharaza viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Eti waliwakosea adabu wanawake wa kizungu. Kesi haikusikizwa. Mbele ya mahakama yenyewe, jamani!

Basi nikuulize jina lingine. Muthoni Nyanjiru. Umewahi kulisikia?

Rudi nami miaka ya 1920. Mwanamume Mwafrika anatembea na kipande ndani ya kikebe cha chuma, kinaning'inia shingoni. Mwaka 1921 masetla wanakubaliana kupunguza mshahara wake kwa thuluthi. Wasichana wanalazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Kijana mmoja anayefanya kazi ya simu serikalini, Harry Thuku, anaanza kupinga waziwazi. Hakuwa peke yake. Chama chake, East African Association, kilikusanya watu wa makabila na dini mbalimbali. Ndani yake alikuwemo Abdalla Tairara, Mkikuyu Muislamu. Mhindi M. A. Desai aliwasaidia kuchapisha makaratasi yao. Kwa hivyo ukiambiwa Waislamu hatukuwepo kwenye mapambano ya nchi hii, uliza vizuri.

Tarehe 14 Machi 1922 Thuku akakamatwa. Wafanyakazi wakagoma. Tarehe 16 maelfu ya watu walikuwa nje ya kituo cha polisi, pale ilipo Central leo, karibu na hoteli ya Norfolk. Wanaume waliokwenda kuzungumza na serikali walirudi wakawaambia watu waende nyumbani. Wanawake wakakataa. Muthoni akasimama, akainua nguo yake mbele ya wanaume. Kwa mila za Wakikuyu hiyo ni laana nzito kwa mwanamume, kumwambia kwamba hana haya na si mwanamume tena. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele.

Askari wakafyatua risasi. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Inasimuliwa pia kwamba masetla waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao walipiga risasi.

Walikufa wangapi? Serikali iliandika 21. Watu waliokuwepo walisema ni wengi zaidi, wengine wakataja zaidi ya 100. Thuku akapelekwa kifungoni Kismayu bila kushtakiwa mahakamani. Habari ilivuka bahari, na Marcus Garvey akapeleka simu ya maandishi kutoka Marekani kwa waziri mkuu wa Uingereza kulalamika.

Lakini nani alimhifadhi Muthoni? Si faili la serikali. Ni wanawake wa vijijini waliomwimba, na wazee waliokuwepo siku ile, ambao miaka mingi baadaye walikubali kuulizwa. Kama asingetokea mtu wa kuwauliza, leo tungekuwa na nambari 21 tu, bila uso wala jina.

Hapo ndipo mimi na wewe tunaingia. Una nyanya Pumwani, una babu Lamu, Garissa au Isiolo. Anajua nani alipigwa, nani alichukuliwa usiku, nani alikataa kunyamaza. Simu unayo mkononi. Keti naye baada ya Asri, muombe ruhusa, mrekodi. Muulize majina, mahali na mwaka. Akisema hakumbuki, usimlazimishe; rudi kesho. Ukimaliza, linganisha na anachosema mzee mwingine, maana kumbukumbu huteleza na sisi hatutaki kutunga.

Na kijana wa leo akipigwa risasi au akipotea, andika jina lake siku hiyo hiyo. Usingoje hesabu ya aliyeshika bunduki.

Ukipita Barabara ya Harry Thuku wiki hii, simama dakika moja. Mwambie rafiki yako: hapa alianguka Muthoni.

Wabillahi tawfiq.