Brauni ya Mbeya na Kakao ya Kyela

Leo sizungumzii mbolea wala barabara. Nazungumzia keki.

Hapa Mbeya, upande wa Soweto, limefunguliwa duka dogo la kuoka mikate. Maandazi na skonsi tumeshazizoea. Kigeni ni keki bapa, nyeusi, inayokatwa vipande vya mraba kama mche wa sabuni, na jina lake ni brauni. Inasimuliwa kwamba ilianzia hoteli ya Palmer House mjini Chicago, ambako mwaka 1893, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, wapishi waliombwa waoke keki ndogo ambayo akina mama wangeila kwa mkono bila kuchafuka. Wamarekani wenyewe wanabishana juu ya habari hiyo, tuwaachie.

Nilikwenda na mzee mmoja jirani yangu. Juu, kipande kina ngozi nyembamba yenye nyufa. Ndani kina unyevu, kama kashata ambayo haijashika. Mzee aliuma mara moja, akakitazama, akamwambia mwenye duka, "Binti yangu, hii bado. Irudishe jikoni."

"Babu, imeiva, ndivyo ilivyo," akajibu yule dada, kwa upole wa mtu aliyekwisha kujibu neno hilo mara nyingi. Mzee alimaliza kipande chake, akala na nusu ya changu.

Nami niseme: ni tamu, tena ule uchungu mdogo wa kakao unabaki ulimini. Kwa mji wetu ulio kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, keki hii inatufaa. Huku juu hewa ni nyepesi, keki za kawaida huumuka upesi kisha hubonyea katikati. Brauni haina makuu ya kuumuka.

Nikauliza kakao inatoka wapi. Dada akanionyesha kopo: imetoka ng'ambo, ikashuka bandarini Dar es Salaam, ikapanda lori hadi hapa. Alijifunza kuoka Iringa, ambako wageni waendao Hifadhi ya Ruaha wameizoesha mikahawa kuuza keki za namna hii. Huko nako, anasema, kopo lilikuwa la ng'ambo.

Sasa msikilizaji, panda basi ushuke Tukuyu, ushuke tena hadi Kyela. Ni mkoa wetu huu huu, na sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka huko. Mkulima anapasua tunda, anavundika mbegu siku tano hadi saba chini ya majani ya mgomba, kisha anazianika juani. Hapo kazi yetu inakoma. Kukaanga, kusaga na kukamua mafuta ili upatikane unga mkavu, kazi hiyo kwa sehemu kubwa tumewaachia wengine, na hiyo ndiyo yenye fedha.

Mwaka 2024, mavuno yalipoharibika Ghana na Ivory Coast, bei ya tani moja katika soko la New York ilivuka dola 10,000 kwa mara ya kwanza. Kyela walichekelea, na ni haki yao. Huyu dada, ambaye wakati huo alikuwa akiokea nyumbani, alipunguza ukubwa wa vipande. Mkoa mmoja, zao moja, huyu anaezeka bati na yule anapunguza keki, wala hawajawahi kuonana! Mwaka 2025 bei ya dunia ikashuka sana. Nikamuuliza kama kopo nalo limeshuka. Akacheka.

Kinu cha kukamua mafuta ya kakao ni ghali, sikatai. Lakini brauni hailazimiki kupata unga mkavu. Mbegu ikikaangwa, ikamenywa, ikasagwa kama karanga, inatoa uji mzito wenye mafuta yake ndani, na mwokaji anapunguza siagi. Yule dada ameagiza kilo tano za mbegu kavu kutoka Kyela. Mwenye mashine ya kusaga karanga kule Mwanjelwa amekubali kujaribu, kwa sharti kwamba baada ya kazi asafishiwe mashine yake vizuri, maana wateja wake wa karanga hawataki kuona weusi.