KULEHEMU VYOMBO VIDOGO: TULIYOJIFUNZA MAGWAGWA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu. Imechapwa hapa kwa maombi ya wale waliokuwa kazini siku ile.)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kazi ambayo si kazi ya reli. Wengi wenu mmetuona jioni tumeinamia redio kuukuu, moshi mwembamba ukipanda, nanyi mkacheka mkisema kwamba watu wa gengi wamegeuka mafundi wa redio. Leo tutawaeleza tulivyoanza, na hasara tuliyoifanya kwanza, maana hasara ile ndiyo iliyotufundisha.

Sisi ni watatu, wote wazaliwa wa Magwagwa, huko Nyamira, na shule yetu ni ya msingi, ya misheni. Reli haifiki kwetu. Ilifika Kisumu mwaka 1901, nasi kule juu penye chai tukabaki na barabara na mto Sondu. Mto huo huo, ukishuka chini, huzungusha mitambo ya Sondu-Miriu yenye nguvu ya megawati 60. Lakini bado wako wazee wetu ambao usiku humulikiwa na taa ndogo ya sola, na habari huzipata kwa redio ya betri.

Vyombo hivi mara nyingi hufa kwa sababu ndogo sana. Waya wa betri umeng'oka, au tundu la kuchajia limelegea. Mwenye chombo huambiwa, "Hiki kimekwisha, nunua kingine." Basi fedha ambayo ingekuwa karo ya mtoto huenda dukani, kwa ajili ya kiungo kimoja kisichozidi punje ya mtama.

Tulipokuwa likizoni tulinunua chuma cha kulehemu cha umeme, cha wati 40. Tulijiona tunaijua kazi, kwa sababu tangu utoto tulimwona fundi wa mabati akitengeneza koroboi. Yeye huchoma kichwa cha shaba katika jiko la makaa, hupaka asidi penye kiungo, kisha hupitisha lehemu, na koroboi haivuji tena. Tukamwendea, akatupa asidi kidogo katika chupa.

Mama mmoja mjane akatuletea redio yake, ambayo huisikiliza Egesa FM kila asubuhi. Waya wa betri ulikuwa umetoka. Tukapaka asidi, tukalehemu, kikang'aa kama shilingi mpya. Redio ikasema. Mama akatupa mkungu wa ndizi, akatushukuru, "Asanteni, wanangu." Nasi tukarudi kazini tukiwa na vichwa vikubwa.

Baada ya miezi miwili tukapata habari kwamba redio imenyamaza. Tulipoifungua tena tuliona aibu. Penye kiungo palikuwa na ukoga wa kijani, waya umelika, na ile njia nyembamba ya shaba katika kibao imekatika. Asidi ilikuwa imebaki humo ikila polepole siku zote zile. Hatukuwa tumeitengeneza redio ile; tulikuwa tumeiua.

Tulichanga watatu tukamnunulia nyingine. Mama yule hakutukemea. Alituuliza jambo moja tu: "Hakuna mtu aliyewafundisha?"

Ndugu zangu, swali hilo lilitukaa moyoni. Tukamtafuta fundi wa redio sokoni Sondu, tukamwomba atufundishe tangu mwanzo kama watoto wa darasa la kwanza. Mambo aliyotufunza ndiyo haya.

KWANZA, DAWA. Asidi ni ya mabati, tena lazima yaoshwe baadaye. Isiguse redio wala taa. Kwa vyombo vidogo nunueni lehemu ya waya mwembamba ambayo ndani yake ina tundu lililojazwa utomvu wa msonobari. Utomvu huo ukipata joto huondoa kutu nyembamba isiyoonekana, ndipo lehemu huweza kushika.

PILI, JOTO. Mgeni wa kazi hii huyeyusha lehemu juu ya ncha ya chuma, kisha huidondosha penye waya. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi, na ni kosa. Yapasa kupasha joto kiungo chenyewe. Gusisha ncha kwa vitu vyote viwili pamoja, yaani waya na kibao. Hesabu moja, mbili. Kisha leta lehemu upande wa pili, iyeyuke kwa joto la kiungo. Ondoa lehemu kwanza, chuma baadaye, na usitikise mpaka igande. Yote hayo ni sekunde tatu au nne. Ukikawia sana, njia ya shaba itabanduka.

Sisi watu wa njia tunalielewa jambo hili. Reli mbili huungwa kwa bamba na bolti. Bamba likishika reli moja tu, hata bolti zikiwa mpya, hapo hapana kiungo.

TATU, NCHA. Ifutwe kila mara kwa sifongo yenye maji, kisha ipakwe lehemu kidogo ili isichomeke. Kichwa cha shaba cha fundi wa koroboi hupigwa tupa kikichakaa, lakini ncha hizi za siku hizi zimepakwa chuma juu ya shaba. Ukipiga tupa umeiharibu.

NNE, KUTAZAMA. Nyote mmeona maji juu ya jani la nduma. Hayalowi, hujikusanya kama gololi na kubingirika. Lehemu ikikaa hivyo, haikushika. Ikishika vema hutandaa, na kingo zake huteremka taratibu kama mteremko wa kilima. Wala msidanganyike na kung'aa, kama tulivyodanganyika sisi. Lehemu ya zamani yenye bati sehemu 60 na risasi sehemu 40 huanza kuyeyuka kwa joto la digrii 183 za Selsiasi, nayo hung'aa. Lakini nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia risasi katika vyombo vingi vya umeme tangu tarehe 1 Julai 2006, na viwanda vingi vya dunia vikafuata. Lehemu yao isiyo na risasi hutaka joto zaidi, yapata digrii 217, na hufifia hata ikiwa imeshika barabara. Basi tazama umbo, usitazame mng'ao.

TANO, usianze na chombo cha mtu. Okoteni vibao vilivyotupwa, mng'oe waya na kuzirudisha, mara hamsini, mara mia. Kabla ya kulehemu toeni betri, na andikeni waya upi ulikuwa wa chanya na upi wa hasi. Msilehemu kabisa juu ya betri ya lithiamu yenyewe, kwa maana joto laweza kuipasua na kuleta moto. Na chombo kilichochomekwa ukutani, msikifungue.

SITA, AFYA. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Hapa kwetu Kenya mnakumbuka habari za Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi katika miili ya wakazi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2024 iliirudisha hukumu hiyo. Kazi yetu ni ndogo mno mbele ya ile, lakini sumu ni ile ile. Moshi mnaouona ni wa utomvu, nao huwasha kifua, kwa hiyo fungueni dirisha. Risasi yenyewe huingia kwa mikono. Tumeona watu wakiishika lehemu kwa meno kwa kuwa mikono miwili haitoshi. Acheni desturi hiyo. Msile wala kunywa chai mezani pa kazi, nawaneni kwa sabuni, na watoto wakae mbali.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyonayo. Hatusemi kwamba kazi hii italeta utajiri, wala haitachukua mahali pa mshahara wa haki, ambao chama hiki kitaendelea kuudai. Lakini likizo ya mfanyakazi ni chache, na kustaafu kunakuja kwa kila mtu. Tena nyumbani tuna wazazi ambao taa yao ikizimika hawana wa kumpelekea.

Kwa hiyo tunaomba mkutano ukubali mambo mawili. La kwanza, tawi linunue vyuma viwili vya kulehemu na waya wa utomvu, vikae ofisini, na kila mwanachama aviazime kwa zamu na kutia sahihi. La pili, yeyote atakayejifunza awafundishe wengine wawili kabla hajaanza kupokea vyombo vya watu.

Fundi wa mabati alitupa asidi yake kwa moyo mwema. Hakukosa yeye, tulikosa sisi, tulioona haya kuuliza. Hatupendi mwanachama mwingine aende kwao, aharibu redio ya mama wa watu, kisha aulizwe swali lile tuliloulizwa sisi.