Uso Uliochubuka: Tuuache Upone
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kangeta)

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mikopo. Tumekuja kuzungumza juu ya uso. Msicheke, jamani. Sisi wafanyakazi wa huduma za jamii tunapotembelea vikundi, tunakutana na akina mama na wasichana wanaojifunika leso mpaka machoni. Ukiuliza, unaambiwa, "Uso unaniwaka." Wengine wameacha kuja mkutanoni kwa sababu ya aibu. Na pesa za mzunguko, zilizokusudiwa karo au mbolea, zinaishia kwenye mikebe ya krimu.

Ngozi ni kama udongo wa juu

Sisi watu wa miteremko ya Nyambene tunajua udongo. Ukifyeka majani yote na kubomoa matuta, mvua ya kwanza inachukua udongo wa juu, na shamba linabaki jekundu na gumu. Uso nao ni hivyo hivyo. Juu kabisa kuna tabaka jembamba la chembe zilizokufa, zimeshikana kwa mafuta ya mwili. Tabaka hilo linazuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Si uchafu. Mwili wenyewe unalibadilisha polepole, kwa kijana karibu kila wiki 4, kwa mzee muda mrefu zaidi.

Sasa mtu anachukua sukari au chumvi, anasugua. Kesho dodoki, au lile jiwe la kusugulia visigino. Kesho kutwa limau, magadi, dawa ya meno, kisha krimu ya kuchubua. Udongo wa juu umekwisha! Uso unakuwa mwekundu au mweusi kuliko kawaida, unawaka hata kwa maji matupu, unang'aa kama nailoni, unakauka, unabambuka na kutoa vipele. Hapo ndipo kosa kubwa linapofanyika: anadhani ni uchafu umebaki, anasugua tena.

Hatua za kuuponya

Neno letu kuu leo ni moja: uso uliochubuka hauhitaji dawa nyingi, unahitaji kuachwa.

1. Acha vyote. Kusugua, limau, manukato, poda, krimu za chunusi na za kuchubua. Vyakula virudi jikoni. Limau hasa ni hatari, kwa sababu maji yake yakikaa kwenye ngozi na jua likapiga, yanaweza kuunguza kama moto. (Aliyetumia krimu kali kwa miezi mingi asiache ghafla peke yake, tutamrudia hapo chini.)

2. Osha kwa upole. Asubuhi maji matupu yatosha, ya baridi au ya uvuguvugu, si ya moto. Jioni tumia sabuni laini isiyo na manukato, mara moja tu. Sabuni ya kufulia ni ya nguo, inaondoa mafuta yote ya ngozi. Tumia viganja, si kitambaa. Kisha gusagusa kwa kitambaa laini safi, usifute kwa nguvu.

3. Paka mafuta uso ukiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kama yale ya mtoto mchanga, ni ya bei nafuu na ni salama. Paka kidogo sana, asubuhi na jioni. Kazi yake ni kuziba nyufa wakati ngozi inajijenga.

4. Jikinge na jua. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta. Hata kukiwa na baridi na mawingu, jua linachoma, na ngozi iliyochubuka haina kinga. Ukienda kuchuma miraa au kuuza sokoni, vaa kofia yenye ukingo mpana au jitande leso kwa mbele, hasa kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.

5. Usibambue maganda. Yaache yaanguke yenyewe.

6. Vumilia. Kuwaka huanza kupungua kwa siku chache hadi wiki mbili. Ngozi kujijenga tena huchukua mwezi au zaidi. Madoa meusi yanaweza kukaa miezi kadhaa kwa ngozi yetu nyeusi, nayo hufifia polepole. Ukiyasugua unayaongeza.

Uso ukishapona, ongeza kitu kimoja kimoja, ukingoja wiki moja au mbili kabla ya kingine. Kusugua si lazima. Anayetaka, basi kitambaa laini mara moja kwa wiki, si zaidi.

Nani aende zahanati?

Aende mwenye usaha, malengelenge, homa, au uvimbe karibu na macho; na yule ambaye baada ya wiki mbili haoni nafuu. Pia aliyetumia krimu kali kwa miezi mingi. Nyingi za krimu hizo zina dawa za steroidi, na ukiziacha ghafla uso unaweza kuwaka vibaya zaidi. Mhudumu wa afya atamwonyesha namna ya kupunguza. Mama mjamzito au anayenyonyesha asingoje. Nenda na mkebe wenyewe, usiufiche.

Tena kuna krimu na sabuni za kujichubua zenye zebaki. Zebaki huharibu figo, na inaweza kuwadhuru hata watoto wa nyumba hiyo. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni visitengenezwe wala kuuzwa kati ya nchi na nchi baada ya mwaka 2020. Bado vinapenyezwa sokoni. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa muda mrefu, huweza kuacha madoa ya bluu-nyeusi yasiyotoka kwa urahisi.

Kazi ya kikundi

Tunajua baadhi ya vikundi vinauza krimu ili kuongeza mfuko. Hatuwalaumu, biashara ni biashara. Lakini hebu tukubaliane: kikundi kisiuze kitu kisicho na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe ya mwisho, wala krimu iliyochanganywa na kupimwa kwenye mkebe mwingine. Faida ya shilingi chache haifai kumfungia mwenzetu ndani ya nyumba.

Na yule aliyejifunika leso, msimcheke. Mtembeleeni, mmwambie arudi mkutanoni na uso wake ulivyo.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chetu, ni vitu gani watu wanajipaka usoni, na vinagharimu pesa ngapi kwa mwezi?
2. Ni nani huwaambia wasichana wetu kwamba ngozi yao haitoshi? Je, sisi wazazi tumo?
3. Tukinunua mafuta ya mgando kwa pamoja, kila mmoja ataokoa kiasi gani?

Mkutano ujao, mwenyekiti atuletee majibu.