Ringi Iliyobonyea Haijifichi Ukiizungusha

Msikilizaji, leo naongea na wenye magari wa Likunja na wa Ruangwa mjini, na ninyi wa Nachingwea mnaobeba abiria kwenye Noah na Hiace, na wewe pia mwenye IST yako ya kwendea kazini. Naongea habari ya ringi.

Magari mengi ya kwetu yanatembea na ringi zilizobonyea na wenyewe hawana habari. Si uzembe tu. Barabara ya vumbi inaficha. Ukiwa kwenye changarawe na makorongo, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, gari zima linatikisika: milango, viti, dashibodi, mizigo kwenye keria. Katika mtikisiko wote huo, nani atajua kwamba mmoja unatoka kwenye ringi ya mbele kushoto? Ukishaishika lami ya kwenda Masasi au ya kushuka Mingoyo, unakanyaga mafuta mpaka 80, mpaka 90, na hapo usukani unaanza kukutetemekea mikononi. Dereva anasema lami hii mbaya. Lami haina kosa, ugonjwa umetoka nao nyumbani.

Ndiyo maana nalisema sasa. Lami ya kilomita 53 kati ya Nanganga na Ruangwa tumeililia miaka mingi, na ni neema. Lakini lami inaongeza mwendo, na shimo la lami lina kingo kali kuliko shimo la udongo. Udongo ukigongwa hubomoka kidogo. Ukingo wa lami haubomoki. Tairi linabanwa kati ya ukingo ule na ringi, na kama upepo ni mdogo, au msimu wa ufuta na korosho umeshindilia magunia mpaka gari limekaa chini, pigo lote linaishia kwenye mdomo wa ringi.

Mdomo upi? Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunaosha gari, tunainama, tunaona ringi inang'aa, tunasema iko salama. Mara nyingi kinachobonyea ni mdomo wa ndani, ule unaotazama shokapu, maana uko mbali na ule uso wa mbele unaoishikilia ringi. Ukisimama nje huuoni.

Kuna fundi mmoja Ruangwa mjini niliyemtazama akifanya kazi hii bila mashine yoyote. Alianza na gurudumu la mbele. Gari lilikuwa kwenye sakafu ngumu, handibreki imevutwa, magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe, gia iko huru. Alipiga jeki, kisha akasukuma gogo zito chini ya chasisi, kwa sababu jeki peke yake haiaminiki. Akachukua bisibisi ndefu, akaifunga kwa mpira kwenye nguzo ya shokapu, ncha yake ikaukaribia mdomo wa ndani wa ringi, umbali wa unene wa sarafu. Akazungusha gurudumu taratibu kwa mkono. Mara ya kwanza, kimya. Akaisogeza ncha karibu zaidi, akazungusha tena. Sehemu moja ikakwaruza, nyingine zote zikapita. Akaipaka chaki pale pale, akazungusha mara ya tatu, ikakwaruza kwenye chaki. Mwenye gari alikuwa amechuchumaa pembeni, na hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Tazama mambo mawili ukifanya hivyo. Nafasi kati ya ncha na ringi ikipanuka na kupungua kuelekea ndani na nje, ringi inayumba. Mdomo ukipanda na kushuka, ringi si duara tena. Milimita moja hivi inavumilika. Ukiona kwa macho yako mwenyewe kwamba inacheza, imeshapita hapo. Na kazia macho chuma, usikazie tairi. Tairi linaweza kuwa ndilo lililovimba ubavuni, na hilo ni la kutupwa siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuilaumu ringi, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, angalia beringi au bol-joenti kwanza. Halafu chungulia ndani ya ringi. Masika yakiisha, udongo wetu hukauka humo ukawa mzito upande mmoja, na gari likatetemeka kama lenye ringi mbovu. Nimeona watu wakilipia kubalansi magurudumu ambayo yalihitaji maji na brashi tu.

Dalili nyingine ni upepo unaopungua. Unajaza Jumatatu, Alhamisi tairi limelegea, na fundi pancha anazamisha kwenye maji haoni msumari. Mwambie amwagie povu la sabuni pale tairi linapokutana na ringi, pande zote mbili. Kama mdomo umebonyea, mapovu yatachemka hapo.

Na hapa nina neno na mafundi wetu pancha, ambao nawaheshimu, maana bila wao hatufiki popote. Mkishaona mapovu hayo, msimwekee mteja tiubu ndani ya tairi la tyubulesi mkamwacha aende zake. Upepo utakaa, ndiyo. Lakini ringi inabaki imepinda, tiubu inasuguana na tairi na kupata joto, na ikipasuka, upepo wote unatoka mara moja, gari likiwa kwenye mwendo na abiria ndani. Kubalansi nako hakuponyi. Risasi zinazobandikwa kwenye ringi zinasawazisha uzito, hazirudishi umbo.

Ringi ya chuma cha kawaida hupinda, na fundi mwenye vifaa anaweza kuinyoosha ikafaa. Ile ya aloi, inayong'aa, ni ngumu zaidi na hupenda kupata ufa. Fundi akikwambia ataipasha moto kwa gesi na kuigonga kwa nyundo, kataa. Moto unaondoa ugumu wake, na ufa uliochomelewa hurudi. Ringi yenye ufa inabadilishwa.

Najua bei. Najua pia kwamba dereva wa Noah anadaiwa hesabu jioni, na saa moja ya kupiga jeki ni saa moja bila abiria. Kwa hiyo mzigo huu nauweka kwa mwenye gari. Mpe dereva wako asubuhi moja kila mwezi bila hesabu, azungushe magurudumu yote manne na spea. Ukinunua ringi ya mtumba, ilaze kwenye sakafu ya saruji uchungulie kama mwanga unapita chini ya mdomo, uigeuze na upande wa pili. Na ukishaifunga, kaza nati kwa mkato, ya huku kisha ya upande wa pili, gari likiwa limeshushwa. Tembea kilomita 50 hivi, simama, uzikaze tena.