Mpaka Ulio Wazi na Mgonjwa wa Figo

Ndugu wananchi, na hasa nyinyi askari wa majeshi na polisi mliopo kambini, vituoni na mipakani.

Tarehe 1 Julai 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika. Tangu hapo raia wa nchi wanachama amepewa haki ya kwenda kwa jirani yake kwa shughuli halali, maadamu anafuata taratibu. Wafanyabiashara wanavuka, wanafunzi wanavuka, malori yanavuka. Lakini wako ndugu zetu ambao kwao mpaka huo ungali mzito. Hao ni wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi, na ambao damu yao husafishwa kwa mashine.

Figo nzima hufanya kazi usiku na mchana. Mashine hufanya kazi hiyo kwa muda wa saa nne hivi, kwa kawaida mara tatu kwa juma. Baina ya zamu na zamu, maji na sumu hujikusanya mwilini, na hatari huwa kubwa zaidi mwishoni mwa kile kipindi kirefu cha siku mbili bila mashine. Kwa hiyo mkazi wa Moshi anayeitwa Voi kumzika mama yake haipimi safari kwa kilomita. Huipima kwa saa zilizobaki kabla ya zamu yake.

Je, mtu huyo afungiwe nyumbani maisha yake yote? La, hasha. Mwaka 1960, huko Seattle nchini Marekani, Daktari Belding Scribner alitumia mrija uliobaki mkononi mwa mgonjwa, damu ikaweza kusafishwa mara kwa mara kwa miaka. Leo mashine zipo pande zote zinazotuzunguka. Kenya ilianza mwaka 2015 mpango wa kuzipeleka katika hospitali za kaunti. Uganda inayo Hospitali ya Kiruddu mjini Kampala. Sisi tunazo Muhimbili, Benjamin Mkapa na kwingineko. Kinachopungua ni mpango.

Askari anafahamu kuwa kikosi hakiondoki kabla ya njia kukaguliwa na mahitaji kuhesabiwa. Mgonjwa naye afanye vivyo hivyo. Majuma kadhaa kabla ya likizo, hospitali yake iandikiane na ile ya aendako, apate nafasi kwa siku na saa maalumu. Achukue barua ya daktari yenye ratiba yake, uzito wake baada ya maji kutolewa, dawa zake zote, na majibu ya karibuni ya vipimo vya homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Dawa azibebe mkononi, zisipakiwe juu ya basi. Na ugenini asishawishike kunywa na kula ovyo: maji mengi, chumvi, ndizi na hata dafu vyaweza kumdhuru.

Kikwazo kikubwa ni gharama. Kwa kawaida bima ya taifa ya nchi moja hailipi hospitali ya nchi nyingine. Nchini Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi mwezi Oktoba 2024 mahali pa bima ya zamani, ilipanga kulipa shilingi 10,650 za Kenya kwa kila zamu. Mgeni asiyemo katika mpango huo hana budi kutoa fedha za namna hiyo mfukoni mwake, zamu baada ya zamu. Serikali zilizokwisha kukubaliana juu ya mizigo na ushuru zinaweza pia kukubaliana juu ya jambo hili, bima zao zikalipana.

Wakati makubaliano hayo yanasubiriwa, yako yaliyo ndani ya uwezo wenu. Wagonjwa wengi wameunganishiwa mishipa chini ya ngozi ya mkono, na mahali hapo hutetemeka ukipagusa. Mkono huo usivutwe, usikazwe pingu. Wengine husafishwa kwa maji maalumu yanayotiwa tumboni, nao husafiri na mifuko ya maji hayo. Isomwe barua ya daktari. Mifuko isitobolewe wala kufunguliwa, kwa kuwa vijidudu vikiingia humo huingia tumboni mwake. Basi likizuiliwa Holili au Taveta kwa saa nyingi, abiria huyo ahudumiwe kwanza. Nanyi makamanda, askari anapoomba ruhusa ya kumsindikiza mkewe au mzazi wake mgonjwa, siku zake zipangwe kwa kufuata zamu ya mashine.

Ukaguzi usilegezwe, maana ulinzi wa mpaka ni wajibu. Lakini askari aliyekwisha kufahamu hali ya mgonjwa hukagua upesi na kwa uangalifu, akamwachia njia. Kwa msafiri huyu, saa mbili zilizookolewa kizuizini ndizo pengine zitakazomfikisha kwenye mashine kwa wakati.