KUTOKA KUOSHA SUFURIA HADI UMENEJA WA HOTELI

(Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani, aliyoitoa bwaloni siku ya mkutano wa mwaka)



Nimeombwa nieleze jinsi mtu anavyopanda ngazi katika kazi ya hoteli mpaka akafika kwenye umeneja. Nilipopokea barua ya katibu nilicheka, kwa sababu ngazi hiyo mimi niliipanda polepole mno. Kuna vidato vyake nilivyovikalia miaka mitatu mizima, jambo ambalo hapa shuleni lingeniletea fedheha kubwa.

Nilimaliza hapa mwaka 1989, mwaka ule wa kwanza wa mtihani wa K.C.S.E. Matokeo yangu baadhi ya walimu waliopo wanayakumbuka, nami nawashukuru kwa kunyamaza. Mwaka uliofuata nilipata kazi katika hoteli moja ya ufukweni, kusini ya Mombasa. Niliingia kwa mlango wa nyuma, nikapewa aproni ya mpira na viatu vya mpira, nikaonyeshwa karo lililojaa sufuria. Kazi yangu iliitwa ustuadi, yaani kuosha vyombo na kupiga deki jikoni. Nilikuwa nimetarajia tai.

Mkuu wetu alikuwa mzee mmoja wa pwani ambaye sote tulimwita Ami. Hakusoma shule zaidi ya chuo cha Kurani, lakini alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona katika kitabu chochote cha kazi yetu. Kabla sahani haijamwagwa makombo, alitaka tuitazame. Usiku mmoja zilirudi sahani kama arobaini, na karibu zote nyama imekatwa mara moja tu kisha ikaachwa. Ami akaniambia, “Mwanangu, nenda kamwambie mpishi mkuu.” Nikaenda. Mpishi alinifukuza kwa upawa, lakini kwa pembe ya jicho nilimwona akichukua kipande na kukitafuna. Kesho yake mchinjaji aliyetuletea nyama hiyo aliitwa. Mgeni wa Ulaya aghalabu halalamiki. Hutabasamu, akasema ni nzuri, akarudi kwao na asije tena. Sisi wa kwenye karo ndio tuliokuwa tukijua habari zake kabla ya meneja.

Mwaka 1992 nikawa mhudumu wa meza. Huko sitakawia. Nilijifunza kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja na Kijerumani cha kutosha kuuza bia.

Kazi iliyonifungua macho ni ya karani wa hesabu za usiku, niliyoianza mwaka 1995. Wenzangu waliikimbia kwa sababu ya usingizi. Saa tano za usiku, watu wanapokwenda kulala, wewe unakusanya vijikaratasi vyote vya baa, vya mkahawa, vya simu na vya dobi, unaviingiza katika bili ya kila chumba kimoja kimoja, kisha unajumlisha. Jumla ya bili na jumla ya vijikaratasi lazima zilingane. Zisipolingana hata kwa shilingi 20, unaanza upya, na alfajiri ndiyo hiyo inakuja na wageni wa ndege ya asubuhi wanataka kulipa. Ni hapo nilipofahamu kwamba hoteli ni biashara ya ajabu. Muuza mchele akikosa mteja leo, mchele wake upo kesho. Chumba kisicholala mtu usiku wa leo kimepotea, hakiuziki tena milele. Na jikoni nako kuna hesabu yake: katika kila shilingi 100 za chakula kilichouzwa, hoteli nyingi hutazamia kuwa 30 hadi 35 zimetumika kununulia vyakula. Zikifika 42, ama kuna mwizi, ama kuna mpishi mkarimu, ama mapapai yanaozea stoo. Meneja asiyejua kutafuta ni lipi kati ya hayo atadanganywa na kila mtu, pamoja na mapapai.

Baadaye nilipelekwa kwa kozi fupi Nairobi, katika Chuo cha Utalii kilichofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi. Vijana, chuo hicho ni njia nzuri, na mwenye alama aipite. Kilinipa majina ya mambo niliyokuwa nikiyatenda bila kuyajua majina.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika. Mwaka 2006 nilifanywa naibu wa meneja katika hoteli ile ile. Siitaji jina, kwa kuwa kosa ninalolisimulia ni langu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 zikazuka ghasia nchini, na ndege za kukodi za watalii zikakatizwa. Tulikuwa na vyumba 150. Kufikia katikati ya Januari tulikuwa na wageni kumi na mmoja. Nikaagizwa niandike orodha ya watu sitini wa kupunguzwa. Niliiandika kwa akili ya karani wa usiku, mshahara kwa mshahara, mpaka hesabu ikalingana. Jina la Ami lilikuwa la nne.

Barua zilichapwa kwa Kiingereza. Nilizitia sahihi jioni, nikampa askari wa lango azigawe watu watakapokuja zamu ya asubuhi. Mimi nilijifungia ofisini, nikashusha pazia. Ami alifika saa kumi na mbili, kama siku zote, na yunifomu yake imepigwa pasi, iko mkononi. Kiingereza hakukijua. Askari ndiye aliyemsomea, mbele ya vijana aliowafundisha kazi.

Ilinichukua wiki tatu kupata ujasiri wa kwenda kwake. Alinikaribisha, akaagiza kahawa, akaniuliza hali ya watoto. Nilipojaribu kueleza habari za ndege na vyumba, alinikatiza: “Hayo nayajua, wageni nilikuwa nikiwahesabu kwa sahani. Lakini kwa nini askari?” Sikuwa na jibu, na hata leo sinalo. Mwaka 2009 watalii waliporudi tulimwita kazini. Alikataa, akasema minazi yake inamtosha. Kama ulikuwa uzee au ilikuwa barua ile, sikuthubutu kumwuliza.

Nilipewa umeneja mkuu mwaka 2012. Mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya maradhi ya Korona, ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa, na hazikuruhusiwa tena mpaka tarehe 1 Agosti. Safari hii niliwaita watu katika bwalo la wafanyakazi, kikundi baada ya kikundi, wamesimama mbalimbali, nikawaambia kwa Kiswahili, kila mmoja akiniona uso. Wakuu wa idara walianza kukatwa mishahara, mimi nikiwa wa kwanza, kisha wengine wakabaki kwa zamu za nusu mwezi. Haikutosha, na wengi walikwenda nyumbani. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili. Wapo walionitukana, nami nilikaa nikawasikiliza mpaka wakamaliza.

Baadhi yenu mmeniuliza pale nje habari za nafasi za mazoezi. Zipo, lakini msije Desemba mkidhani kuwa ndipo penye raha. Desemba hakuna mtu wa kukufundisha, utabebeshwa mizigo tu. Njooni Mei, mvua za masika zinaponyesha na hoteli ni tupu, mtu atapata wakati wa kukaa nawe juu ya daftari la stoo. Mtaanzia kwenye karo. Aproni tunatoa sisi.

Bwana Mwenyekiti, naona unatazama saa, na chai imekwisha kuletwa. Ila niwieni radhi, ni mazoea ya kazi: tangu niliposimama hapa nimevihesabu vikombe vile mezani, na vimepungua kama kumi na viwili kwa watu tuliomo. Vijana wa kidato cha pili walio karibu na mlango wa jikoni, tafadhali.