Kanuni Isiyohesabu Maji: Shule za Visiwani Katika Ziwa Victoria

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu wakuu na maafisa elimu kata, Mkolani, Mwanza



Mada niliyopewa ilihusu elimu katika nchi ndogo za visiwa. Naomba ruhusa niisogeze karibu. Hapa Mkolani tuko bara, barabara ya Shinyanga inapita jirani, lakini baadhi yenu mmefika kwa maji, kutoka Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome. Nitazungumzia huko kwenu. Nchi za mbali nitaziita pale zitakapotufaa.

Nchi ndogo ya visiwa ina watu wachache, na gharama hazipungui kwa sababu hiyo. Shule ya watoto 150 inamhitaji mwalimu wa hisabati sawasawa na shule ya watoto 1,500. Ndiyo maana Shelisheli ilikaa bila chuo kikuu chake hadi mwaka 2009, na nchi za Pasifiki 12 zinamiliki kwa pamoja chuo kikuu kimoja, kilichoanzishwa Fiji mwaka 1968. Visiwa vya Karibi navyo viliunda baraza moja la mitihani mwaka 1972. Wenzetu hao wana jambo moja ambalo Ukara hawana: bajeti yao inapangwa na watu wanaojua kwamba nchi yao ni maji. Visiwa vyetu vimo ndani ya nchi kubwa, na vinapimwa kwa rula ya bara.

Chukueni ruzuku. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kwa Waraka Na. 5 wa 2015, mwanafunzi wa msingi alitengewa shilingi 10,000 kwa mwaka: 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinaingia akaunti ya shule. Kwa hesabu hiyo shule ya watoto 200 inapata 1,200,000, yaani laki moja kwa mwezi. Humo mna chaki, ukarabati, mitihani, michezo na utawala. Mwalimu mkuu wa Buhongwa akiitwa kikao anapanda daladala, mchana amesharudi. Wa kisiwani akiitwa Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe, analipa mtumbwi, na ziwa likichafuka analala hukohuko. Nauli na malazi vitatoka kwenye fungu la utawala au mfukoni mwake. Kanuni inahesabu vichwa, maji haiyahesabu.

Na maji hayo si ya mchezo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora, kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Mwalimu kijana anayepangiwa huko anaijua habari hiyo kabla hajaripoti. Anaripoti, anathibitishwa kazini, kisha anaandika barua ya kumfuata mwenza. Mimi simlaumu. Mpeni nyumba kwanza, ndipo mumlaumu.

Lakini mkiniuliza kinachomtoa mtoto darasani, sitataja mtumbwi. Nitataja mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiangaza, taa haina nguvu ya kuwakusanya, na wavuvi wanapumzika. Siku za giza, alfajiri mitumbwi inaingia mwaloni, ndoo zinashushwa, dagaa wanaanikwa mchangani, wanageuzwa, na wingu likitanda wanakusanywa mbio. Kazi hii haitaki misuli, inataka mikono mingi, ya watoto pia, tena saa ileile ambayo wenzao wanasimama mstarini kuhesabu namba. Chukueni daftari la mahudhurio la shule iliyo jirani na mwalo, mliweke ubavuni mwa kalenda ya mwezi. Nyie mnaofundisha huko mnajua mtakachokiona.

Tena kambi zinahama. Mtoto kaandikishwa Januari, Machi mzazi kafuata dagaa kisiwa kingine, barua ya uhamisho hakuna. Kwetu ni mtoro, kule ni mgeni asiye na namba ya usajili. Huenda anasoma vizuri tu.

Napendekeza shule za mialoni ziruhusiwe ratiba yao. Siku za giza Kiswahili na Hisabati visiwe vipindi vya kwanza, na vipindi vya kufidia viwekwe mbalamwezi. Mtu atasema nahalalisha ajira ya watoto. Sheria tunayo miaka yote, mgambo wamepita mialoni, na dagaa bado wanaanikwa na watoto. Tuendelee kuwabana matajiri wa mitumbwi, huku mtoto akikuta somo bado linamsubiri.

Vituo shikizi, yaani madarasa yaliyo karibu na makazi chini ya shule mama, vimesaidia. Fedha za UVIKO-19 zilijenga madarasa 3,000 ya aina hiyo nchini, na mtoto wa darasa la kwanza akisomea kisiwani kwake havuki. Shida inahamia sekondari.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza. Bara watabanana kwenye madawati. Kisiwa kisicho na sekondari kitavusha watoto takriban mara mbili ya kawaida, wengine wa miaka 12, na pasipo bweni watapanga geto, wajipikie, wajilinde. Waraka wa Novemba 2021 unamruhusu binti aliyejifungua arudi shule, nami nauunga mkono. Bweni lingemwepusha na mimba mapema zaidi.

Kwa hiyo ombi langu kwa maafisa elimu kata ni safu moja zaidi kwenye takwimu mnazopeleka halmashauri: mwanafunzi huyu anavuka maji, ndiyo au hapana. Zikiingia kabla makisio ya 2027/28 hayajafungwa, mabweni yanaweza kuombewa fedha kwa idadi inayojulikana, na hoja ya nyongeza ya ruzuku kwa shule za visiwani itakuwa na tarakimu za kusimamia. Mwenye takwimu za kata yake leo tuanze naye kwenye kikundi cha mchana.